Boga la tambi la kiangazi, Mkonze

Mbegu za boga la tambi, lile ambalo nyama yake ikiiva huchambuka nyuzi kama tambi, zilifukiwa Mkonze, Dodoma, wiki ya kwanza ya Mei 2018, siku chache baada ya mji huo kutangazwa kuwa jiji. Wifi yangu ndiye aliyezileta kutoka Arusha. Mama alitaka zingoje Desemba, zipandwe pamoja na maboga mengine mvua zikianza.

"Mama, hili tulipande kiangazi," wifi akamwambia. "Masika litaisha kwa inzi na ukungu."

Hoja ilikuwa na uzito. Boga hili hukomaa kati ya siku 90 na 110 tangu kupandwa, na maua huanza kwenye siku ya 40 hivi. La Desemba hubeba matunda machanga wakati inzi wa matunda wamejaa. La Agosti huchanua Oktoba, na joto kali hulifanya shina litoe maua dume kwa wingi huku maua jike yakichelewa. La Mei huchanua kwenye ubaridi wa Juni na Julai, likavunwa Agosti. Shida zake ni maji na upepo.

Kwa maji, mashimo ndiyo yaliyotuokoa. Udongo wa pale ni mwekundu wenye kichanga, maji hupita kama kwenye chujio. Kila shimo lilikuwa na upana wa sentimita 60 na kina cha 45. Udongo wa juu uliwekwa kando, ukachanganywa na debe moja la samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa (mbichi huunguza mizizi ya mche), kisha ukarudishwa, lakini usijae: tuliacha sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi ili maji yatuame shinani. Kutoka shimo hadi shimo mita moja, mstari hadi mstari mita mbili. Mbegu tatu kila shimo, kina cha sentimita mbili na nusu, na miche ilipofikisha majani mawili halisi tukabakiza mmoja. Iliyozidi ilikatwa kwa mkasi, maana ukiing'oa unamtikisa jirani yake. Juu tukatandaza mabua ya uwele. Kila shimo lilipata nusu ndoo, yaani lita 10, kila baada ya siku mbili, asubuhi, kutoka kwenye pipa tulilojaza siku za mgao.

Mama hakuacha kuyatamani majani. Nyumba ya Kigogo haiwezi kuona majani ya maboga yakamea bila kufikiria chungu. Lakini majani ya boga la tambi yana miiba midogo inayokwaruza hata yakishamenywa nyuzi, na kila jani unalochuma ni chakula unachokinyima tunda. Alichuma mara moja, akasema yanakwaruza koo, akarudi kwenye mlenda. Nafuu yetu.

Maua ya kwanza yalitoka mwishoni mwa Juni, yakanyauka yakadondoka yote. Hilo halina ugonjwa ndani yake: maua dume hutangulia, wakati mwingine kwa wiki nzima. Dume lina kikonyo chembamba kirefu; jike limekalia kiboga kidogo cha ukubwa wa kidole gumba, kipo hata kabla ua halijafunguka. Majike nayo yakaja, yakafunguka, na viboga vile vikaanza kuwa vya njano kutokea nchani, vikasinyaa, vikaoza.

Jirani akatushauri tupulize dawa. Wifi akanivuta pembeni: "Wifi, tukipuliza tumemaliza. Nyuki wenyewe hawaonekani."

Kweli hawakuonekana. Ua la boga hufunguka alfajiri na hujifunga kabla jua halijawa kali, kisha halifunguki tena. Asubuhi za Julai Dodoma ni baridi na zina upepo, nyuki hawatoki mapema. Wakifika, ua limeshafunga mlango. Dawa ya wadudu ingewamaliza hata wale wachache wanaothubutu.

Kwa hiyo asubuhi ile tukaingia bustanini saa kumi na mbili na nusu, khanga mabegani, kufanya kazi ya nyuki: kupeleka chavua ya ua dume kwenye ua jike, maana bila hiyo kiboga husinyaa. Unachuma ua dume lililofunguka siku hiyo hiyo, unalivua petali zote mpaka kibaki kijiti cha katikati. Kigusishe kwenye kucha: kikiacha vumbi la njano, chavua imekomaa, kisipoacha, umande bado haujakauka, subiri kidogo. Halafu ndani ya ua jike kuna kichwa kilichogawanyika vipande vinavyonata. Vyote vipakwe, taratibu, kwa kuzungusha. Ukipaka upande mmoja tu, tunda linaweza kunenepa upande huo na kukonda upande wa pili. Dume moja latosha majike mawili au matatu. Saa tatu maua yalikuwa yameanza kujikunja, na wifi alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye kikonyo cha kila jike tulilopaka.

Siku chache baadaye viboga vyenye uzi vilikuwa vimeinamisha vichwa na kunenepa. Visivyo na uzi vilikuwa njano karibu vyote. Jirani alikuja kuona, hakusema kitu kuhusu dawa.

Tunda likishafika ukubwa wa ngumi halafu likawa jeusi kitakoni, hiyo ni kesi nyingine: maji yasiyo na mpangilio, leo mafuriko kesho ukame, na kalsiamu haifiki nchani. Tulipata mawili ya hivyo baada ya mgao kurefuka. Tukayakata yasinyonye bure.

Ubwiri unga nao ulipita, ule unga mweupe juu ya majani makongwe. Watu wa zabibu walitaka kutugawia salfa yao, dawa ya ukungu, na walidhani ugonjwa umetoka kwenye mizabibu yao. Haukutoka huko, vimelea vya zabibu na vya boga si vya aina moja, havihamiani. Na salfa kwenye majani ya boga joto likipita nyuzi 30 huyababua. Tulipuliza maziwa, sehemu moja kwa tisa za maji, jua likiwepo, tukakata majani ya chini. Uliendelea kuwepo, ila matunda yaliuwahi.

Agosti ganda liligeuka njano ya dhahabu na kikonyo kikakauka. Kipimo ni ukucha: ukikandamiza ukaingia, bado. Tuliyakata kwa kisu na kuacha kikonyo cha sentimita tano, maana boga lililovunjika kikonyo huanza kuoza hapo hapo. Mengi yalikuwa na kilo mbili hivi.

Jikoni Mama alichukua kisu akalipasua kwa urefu, kama boga lolote, na tambi zikatoka fupi fupi. Nyuzi za boga hili hulizunguka kwa ndani, hazifuati urefu wake. Wifi akakata la pili kwa kukingama, pete za unene wa vidole vitatu, akatoa mbegu, akapika kwa mvuke dakika 20. Uma ulipopita, zikachambuka ndefu, bado ngumu kidogo. Ukizidisha moto unapata uji. Tulizila na mchuzi wa karanga na nyanya.

"Halina utamu," Mama akasema, akaongeza sahani. Ni kweli halina. Anayetaka boga la kuponda na nazi apande letu la kawaida.

Mbegu alizikusanya azipande tena. Lakini jirani wa nyuma alikuwa na zukini zinazochanua, na hizo ni spishi moja na boga la tambi, huchanganyika. Ambacho kingeota mwaka unaofuata hakuna anayejua kingekuwa nini. Tukazikaanga na chumvi.