Sato alinitangulia Talisay

Ukikaa mkoa wa Laguna, Ufilipino, hata kidogo, jirani, mwalimu na dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu watakuuliza kama umeshapanda Tagaytay. Wanauliza kama watu wa Moshi wanavyomuuliza mgeni kama ameuona mlima. Mji uko ukingoni mwa bonde kubwa la volkano, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, mwendo wa kilomita kama 60 kusini mwa Manila. Wafilipino wanaupendea vitu viwili: baridi yake, na Ziwa Taal linaloonekana chini likiwa na kisiwa cha volkano katikati. Mtu wa Njombe akifika atawacheka wanavyojifunika masweta, lakini kwa aliyetoka kwenye joto la Manila, upepo ule ni dawa.

Mimi ni wa Mwanza, nasoma hapa Los Baños, mji wa vyuo na watafiti wa mpunga. Niseme ukweli: barabara kuu ya Tagaytay haikunifurahisha. Maghorofa, mahoteli na migahawa vimejipanga ukingoni mpaka ziwa unaliona kwa vipande, hapa kipande, pale ukuta. Raha iko ukiiacha barabara hiyo na kushuka kuelekea Talisay, upande wa mkoa wa Batangas. Njia inateremka kwa kona kali, breki zinanuka, na ghafla uko shamba: migomba, minazi, mibuni iliyoachwa ikarefuka ovyo, na kuku wanaovuka barabara bila haraka.

Huko ndiko mwenzangu wa darasani alikonipeleka Jumapili moja ya Agosti, baada ya misa, pamoja na mama yake na babu yake. Tulipokutana, alichukua mkono wa babu na kuugusisha kwenye paji la uso wake, ndivyo wanavyowaamkia wazee. Nami nikafanya vivyo hivyo. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hafundishwi mara mbili. Babu, ambaye wote tunamwita Lolo, alinitazama juu mpaka chini, akamwambia binti yake kwa Kitagalogi kwamba huyu anaonekana hajala.

Mgahawa wenyewe ni vibanda vya mianzi vilivyoezekwa kwa majani ya mnipa. Mtu wa Pwani angesema makuti na asingekosea sana. Kila kibanda kina meza yake, na vyote vimeng'ang'ania mteremko unaoishia ziwani. Ziwa lilikuwa halionekani. Ukungu ulikuwa umelifunika lote, na watu walikaa wameshika simu wakisubiri. Ulipofunguka, vibanda vyote viliinuka kwa pamoja kupiga picha kile kilima chenye umbo kamili la volkano. Lolo akacheka. Kilima hicho kinaitwa Binintiang Malaki, na siyo kreta kuu, yaani mdomo mkuu wa volkano; kreta hiyo iko katikati ya kisiwa, nyuma yake, ina ziwa lake dogo ndani. Ndiyo iliyolipuka Januari 12, 2020 na kumwaga majivu mpaka Manila. Mama wa mwenzangu, ambaye namwita Tita, alisema siku hiyo walifagia majivu juu ya bati kwa koleo, na mvua iliponyesha yakawa matope mazito.

Chakula kilianza na bulalo, na hapa lazima nikae kidogo. Ni mchuzi wa mguu wa ng'ombe uliokatwa vipande vikubwa pamoja na mfupa, ukachemshwa saa nyingi kwa moto mdogo, kisha wakatia mahindi mabichi yaliyokatwa mapande, kabichi na pilipili manga. Hakuna nyanya, hakuna viungo vya kukushangaza. Ladha yote iko kwenye uboho. Tita alishika mfupa kwa kitambaa, akaugongagonga juu ya sahani yangu mpaka uboho ukadondoka mzima juu ya wali, unatetemeka, kisha akaunyunyizia chumvi kidogo. Pembeni unatengeneza kachumbari yako ya maji: mchuzi wa samaki wanaouita patis, unakamulia kalamansi, vile vilimao vidogo vya duara, na kuponda pilipili kichaa kwa mgongo wa kijiko. Kwetu supu ya makongoro huliwa asubuhi na chapati au ndizi. Wao wanaila mchana na wali, na wali hapa hauishi: kijana anapita na bakuli, ukimtazama tu anakuongezea.

Kwa msomaji asiyekula nguruwe, sikiliza hapa. Bulalo ni ng'ombe, lakini mboga nyingi za Wafilipino zinapikwa na vipande vya nguruwe hata kama jina halisemi, choroko zikiwemo. Usiulize kama kuna nyama. Watakujibu hakuna, kwa kuwa vipande vile vidogo hawavihesabu kama nyama. Uliza kuhusu nguruwe kwa jina lake: baboy. Tita ndiye aliyenifundisha, na ndiye aliyewaulizia jikoni kwa niaba ya Msomali mmoja tuliyewahi kula naye.

Zikaja tawilis, samaki wadogo wa kukaanga, wakavu, unawatafuna na mifupa yao baada ya kuwachovya kwenye siki yenye kitunguu saumu. Ni aina ya sardini ambayo duniani inapatikana katika Ziwa Taal peke yake. Zamani ziwa hili lilikuwa wazi kwa bahari, ila milipuko ya 1754 ikaziba njia, maji yakapoteza chumvi pole pole na samaki wakabaki humo humo. Sasa wamepungua mpaka wametiwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Mwenzangu alijigamba kwamba ndio sardini pekee wa maji baridi. Mimi nimeoa Kigoma, sikuweza kunyamaza. Nikamwambia dagaa wa Tanganyika nao ni ukoo wa sardini na maji yao hayana chumvi, na shemeji zangu wakisikia habari hizo watapanda ndege. Lolo alikuwa na malalamiko mengine. Mwaka 2025 watu walisusa samaki wa ziwa hili, baada ya madai kwamba miili ya wacheza kamari ya jogoo waliopotea ilitupwa humo, na wapiga mbizi wa serikali wakaingia kutafuta. "Tawilis anakula vijidudu vya majini," alisema, akiwa bado na hasira. "Anamlaje mtu?"

Kisha ikaja sinia yenye jani la mgomba, na juu yake samaki mzima wa kuchoma, tumboni amejazwa nyanya, kitunguu na tangawizi. Tita aliniomba radhi. Alikuwa ameagiza maliputo, samaki wa heshima wa ziwa hili, wakakuta wamekwisha. "Samahani mwanangu, leo umepata tilapia tu."

Tilapia tu! Nilimtazama yule samaki: mapezi yake, mistari mkiani, ule mdomo mdogo wa kununa. Sato. Samaki ambaye kwetu Mwanza mgeni akiletewa anajua amethaminiwa, hapa ndiye chakula cha katikati ya wiki, cha mwisho wa mwezi. Nikawaambia huyu ni mtu wa kwetu. Mwenzangu akakataa kabisa, maana amemla tangu anyonye.

Lolo ndiye aliyeamua kesi. Alizaliwa kabla ya vita vya Wajapani kwisha, na utotoni mwake, alisema, ziwani hapakuwa na samaki huyu. Wa kwanza walikuja yeye akiwa shule, weusi, wadogo, wakagawiwa vifaranga wafuge kwenye mabwawa ya nyumbani. Walizaana mpaka wakajaa na hawakukua. Hao ni perege wa Msumbiji, walioingizwa Ufilipino mwaka 1950. Sato mwenyewe alifuata miaka ya 1970, na mwaka 1988 watafiti wa hapa wakaanza mradi wa kuboresha uzao wake: wakakusanya samaki wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na wale waliokuwa wakifugwa Asia. Uzao huo sasa umeenea nchi nyingi. Kwa hiyo yule wa mezani kwetu, aliyetolewa kwenye vizimba vya ziwani pale chini, huenda ana damu ya Kenya, jambo ambalo mtu wa Mwanza analikubali kwa shingo upande.

Nilipoanza kujivuna sana nikakumbuka kwamba hata Ziwa Victoria sato ni mhamiaji. Alipandikizwa miaka ya 1950, na yeye na sangara ndio waliombana ngege wetu wa asili. Hilo sikulisema mezani.

Nilikula kwa mkono. Sinki liko nje ya kila kibanda, na wao pia hula hivyo wakiamua, ingawa siku nyingi hutumia kijiko na uma. Tofauti ni kwamba wao husukuma wali mdomoni kwa dole gumba, mimi nafinya tonge. Mtoto wa kibanda cha jirani alisimama kunitazama bila kificho. Halafu likaja suala la kichwa: mimi na Lolo tulinyoosha mkono kwa wakati mmoja. Nikamwachia mkubwa. Alikigawa katikati, akanipa upande wenye jicho lililoiva vizuri.

Tulimalizia kwa kahawa ya barako, nzito na chungu, isiyohitaji maziwa wala ushauri. Wakati huo Tita alikuwa ameshaamua kwamba Jumapili ijayo mimi ndiye nitakayempika huyo tilapia, kwa namna ya Mwanza, na ugali. Samaki si tatizo, nyanya si tatizo. Unga wa mahindi meupe ndio kazi. Wafilipino wa visiwa vya Visayas hula mahindi yaliyosagwa chengachenga, lakini sembe laini madukani Los Baños sijaliona. Nikawapigia Wakenya wanaosoma chuo cha Waadventista kule Silang, maana hao hawakosi. Wamesema mfuko upo, watauleta wenyewe, wako watano na wanakuja na njaa. Tita amesema waje, ila wamwambie mapema kama wanakula kichwa.