Baduanjin na mabega yangu, Guangzhou

Kazi yangu ni kununua na kupakia mizigo ya wateja walioko Dar es Salaam. Naishi Xiaobei, Guangzhou. Kariakoo wanapofunga maduka saa 12 jioni na kuanza kuulizia kontena, huku ni saa 5 usiku. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, mabega yamekakamaa, mchana naburuza miguu.

Bustani ya Yuexiu haiko mbali. Alfajiri inajaa wastaafu, kila kundi na zoezi lake. Nikasimama nyuma ya kundi moja nikawa naigiza. Hakuna aliyejali, hadi mama mmoja mtu mzima aliponijia akanishusha mabega kwa viganja vyake, akarudi zake mstarini. Kumbe siku zote nayabeba juu, hata nikiwa nimesimama tu.

Walikuwa wanafanya Baduanjin, aina ya qigong, yaani mazoezi ya Kichina ya miondoko ya taratibu na pumzi. Ina miondoko minane na inajulikana tangu enzi ya ufalme wa Song. Mwaka 2003 mamlaka ya michezo ya China ilitoa mtindo sanifu, na wote hauzidi robo saa. Miguu inaachana kwa upana wa mabega, magoti yanalegezwa, pumzi inapita puani. Mwondoko wa kwanza unapishanisha vidole vya mikono miwili na kusukuma viganja juu. Wa pili unavuta upinde usiokuwepo. Wa mwisho unapanda kwa ncha za miguu na kudondosha visigino mara 7.

Mikono niliidaka haraka. Pumzi ndiyo iliyonisumbua: mikono bado inapanda, hewa imeshajaa kifuani. Nikaiacha pumzi ijiendee, nikafuata mikono tu. Baadaye ikaanza yenyewe kushuka tumboni na kurefuka.

Wazee wanasema qi, yaani nguvu ya uhai, hukusanyika chini ya kitovu, mahali wanapopaita dantian. Mimi bado sijakutana nayo. Nilichopata ni viganja kupata joto na miayo mfululizo, na usiku nalala. Sitasema ni qigong peke yake: ukitaka kuwawahi wazee wa Yuexiu lazima ulale mapema, kwa hiyo mteja wa Kariakoo imebidi azoee kujibiwa kesho yake.

Unayeanza, chukua mwondoko wa kwanza na wa mwisho tu, uongeze mingine taratibu. Ule wa sita una kuinama hadi kushika miguu. Mwenye presha asiinamishe kichwa, aishie magotini.