Zinj ameingia darasani

Jamani, leo nimefundisha chimbuko la binadamu Kidato cha Kwanza fuvu likiwa mezani! Ni nakala ya plasta ya fuvu la Zinjanthropus, au Zinj kwa kifupi, yule ndugu wa kale wa binadamu aliyegunduliwa na Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959, mwenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Katuletea mtafiti wa visukuku, na kipindi tulikiandaa pamoja: yeye anaijua mifupa, mimi nawajua wanafunzi wangu.

Vitabu tulivifunga. Fuvu likapita mkono kwa mkono, swali likiwa moja tu: huyu alikula nini? Binti mmoja akapitisha kidole kwenye yale magego mapana, akauliza, "Mwalimu, alikuwa anatafuna mawe?" Mwingine akauona mwinuko wa mfupa utosini. Mtafiti akawaambia wabane meno huku wameshika kichwa pembeni, wausikie msuli ukicheza. Kwa Zinj msuli huo wa kutafunia ulipanda hadi utosini, ukajishika kwenye mwinuko ule!

Miaka yote nimechora fuvu ubaoni kwa chaki, na Olduvai iko hapa hapa nchini kwetu. Inaniuma. Walimu wenzangu, watafuteni watafiti, waombeni. Sisi sasa tunaomba nakala ya nyayo za Laetoli, zile alama za miguu za watu wa kale zilizopatikana karibu na Olduvai.