Ni Lini, Bwana?

Somo: Mathayo 25:31–40

Wapendwa katika Bwana, tafakari ya juma hili naianzia mahali ambapo huenda hamkutarajia, kwenye uwanja wa gofu wa Compiègne, kaskazini mwa Paris, Oktoba 1900. Wanawake 10 walishindana katika mashimo 9, na Mmarekani mwenye umri wa miaka 22, Margaret Abbott, akashinda kwa mapigo 47, mawili pungufu ya aliyemfuata, maana katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Mama yake mzazi, Mary, mwandishi wa riwaya, naye alikuwamo, akatumia mapigo 65. Margaret alizaliwa Calcutta, India, gofu akaichezea Chicago, na Paris alikwenda kusomea sanaa. Ushindi wenyewe aliwasimulia jamaa zake kwa mzaha, kwamba wasichana wa Kifaransa walikuja uwanjani na viatu vya visigino virefu na sketi za kubana.

Alipewa bakuli la kauri lililopambwa kwa dhahabu. Mwaka 1902 aliolewa na mwandishi Finley Peter Dunne, wakajaliwa watoto wanne, naye akafariki mwaka 1955 akijua kwamba alishinda shindano la gofu tu. Kumbe ilikuwa Michezo ya Olimpiki, ambayo mwaka ule ilichanganywa na Maonyesho ya Dunia na kutawanywa kwa miezi kadhaa, hata baadhi ya washiriki wasitambue wanachoshiriki; na yeye ndiye mwanamke wa kwanza wa Marekani kuwa bingwa wa Olimpiki. Profesa Paula Welch wa Chuo Kikuu cha Florida alifuatilia habari zake kwa takriban miaka 10 hadi akawapata watoto wake, ndipo nao wakajua.

Sisemi kwamba kupiga mpira shimoni ni sawa na kumlisha mwenye njaa. Kinachonirudisha kwa dada huyu ni ule mshangao wa wenye haki katika somo letu, Mfalme anapowaambia kwamba walimlisha na kumnywesha, mshangao ambao sisi huupita mbio, tukikimbilia kuhesabu matendo: “Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha, au una kiu tukakunywesha?” Hawajifanyi wanyenyekevu mbele ya kiti cha enzi, hawakumbuki kweli, kwa sababu hawakuwahi kuandika. Sisi tunaandika. Orodha ya michango ikisomwa kanisani, masikio yetu (nayasema haya nikijihesabu mimi wa kwanza) husikiliza kama jina limetajwa na kama kiasi hakikupunguzwa.

Majuzi, baada ya ibada, kijana mmoja alimsogelea mama mzee wa jumuiya yetu aliyekuwa akikunja kitenge chake kwenye benchi, akamshika mikono miwili, akamshukuru kwa nauli aliyompa zamani, siku aliyofukuzwa shule kwa ajili ya ada na hakuwa na namna ya kufika nyumbani. Mama alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Lini hiyo, mwanangu?”