Daftari la kelele: nilivyopata usingizi tena Mtopanga, Mombasa

Mimi huamka saa tisa za usiku. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi. Unga naukanda jioni kwa tui na iliki, nauacha uumuke, na saa tisa naanza kuukata. Ikifika saa kumi na moja na nusu, makondakta na wafanyakazi wa hoteli wa zamu ya asubuhi washasimama mbele ya meza yangu. Saa zangu za kulala ni kati ya saa tatu na saa tisa. Ni sita tu, na nikizikosa sina pengine pa kuzifidia.

Ukumbi wa sherehe ulipofunguliwa upande wa kaskazini wa nyumba yetu, hatukuona ubaya. Mwanzo zilikuwa harusi, na harusi ni za watu wote. Baadaye ikawa muziki kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, maspika nje uwanjani, mpaka saa nane, siku nyingine mpaka saa tisa ninapoamka. Maneno ya nyimbo hata sikuyasikia. Kilichokuwa kinaingia ni besi, ile sauti nzito ya chini. Besi haizuiwi na ukuta wala pazia, na juu yetu ni bati, basi bati lote lilikuwa likitetema na gilasi zikigongana kabatini. Mwanangu wa gredi ya sita alianza kulala darasani. Mimi mwenyewe, alfajiri moja, nilisinzia karai likiwa motoni na mafuta yakanirukia mkononi. Kovu lipo mpaka leo. Siku hiyo ndiyo niliyosema hili jambo nitalifuata mpaka mwisho.

Nilianza vibaya. Nilijifunga leso nikaenda getini saa saba usiku nikiwa na hasira. Mlinzi, kijana mpole, akaniambia, “Mama, mimi ni wa lango tu, meneja hayupo.” Nikarudi. Wiki iliyofuata nikapiga simu kituo cha polisi. Walikuja, sauti ikashushwa, walipoondoka ikapandishwa. Nikaenda ofisi moja mjini, nikaeleza kwa mdomo nusu saa nzima, yule afisa akaitikia kwa kichwa, nikatoka bila hata kipande cha karatasi. Niliporudi mwezi uliofuata, hakuna aliyejua kama niliwahi kufika. Miezi minne ilipita hivyo.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya bandarini. Sote tunamwita Ami. Yeye anazijua kelele kwa sababu zilimla sikio moja akiwa kazini. Aliniambia sauti hupimwa kwa desibeli, na kazini kuna kipimo, desibeli 90 kwa saa nane, usivuke bila kinga. “Na nyumbani pia kipimo kipo, mwanangu. Ukisema muziki unakukera, hayo ni maneno yako dhidi ya maneno yao. Nenda na saa, nenda na namba.”

Ami alikuwa na kanuni zenyewe, zimechapishwa, amezikunja ndani ya bahasha. Ni kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Nilizisoma usiku ule kwa taa ya simu, kifungu kimoja kimoja. Kwa mujibu wa kanuni hizo, usiku unaanza saa mbili na dakika moja na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Mimi siku zote nilidhani ni saa sita, kama wanavyosema watu. Katika makazi, nje ya nyumba, kipimo cha mchana ni desibeli 50, cha usiku ni 35. Hata mtaa uliochanganya nyumba na maduka na sehemu za starehe, mchana unaruhusiwa 55, lakini usiku ni 35 vilevile. Anayetaka kupita hapo sharti awe na kibali, na kibali chenyewe hakizidi siku 7. Yaani hakuna kibali cha kupiga muziki kila wikendi mwaka mzima.

Nilipakia kwenye simu programu ya kupima sauti. Ami alinionya kuwa simu si kifaa cha kisheria, haijasawazishwa, itanipa makisio tu. Lakini nilipoisimamisha dirishani Jumamosi saa tano usiku ikaonyesha 68. Sikujua ukubwa wa tofauti hiyo mpaka Ami aliponifafanulia: kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti inazidi mara kumi. Kutoka 35 hadi 65 ni mara elfu moja. Nilinyamaza kidogo. Miezi yote ile nilikuwa nikijiuliza kama ni mimi ninayezeeka na kushindwa kuvumilia.

Nikanunua daftari la kurasa 96. Kila usiku: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kunyamaza, namba ya simu dirishani, na upepo. Upepo lilikuwa wazo langu, na naona ndilo lililotusaidia kuliko yote. Sisi watu wa Pwani tunajua kaskazi na kusi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hadi Machi, inatoka upande wa ukumbi na kuibeba sauti hadi kitandani, tena ni miezi ya joto, huwezi kufunga dirisha. Kusi, upepo wa kutoka kusini wa katikati ya mwaka, ikivuma sauti inasukumwa kwao. Bila kuandika hilo, mtu akija kupima Julai atasema hapa pana amani.

Kazi ngumu ilikuwa majirani. Kuna waliosema ukumbi unawapa riziki, na ni kweli, watoto wa mtaa ni wahudumu na walinzi pale. Kuna aliyetaka tuandike kwamba ni mambo ya watu wa bara. Mwingine akauliza, mbona hamsemi kesha za kanisa, mbona hamsemi adhana? Niliona tukilipeleka huko tutagawanyika, tena kwa uchungu. Nikaomba barua isitaje dini, kabila, pombe wala aina ya muziki. Itaje saa na sauti basi. Na isiombe ukumbi ufungwe. Nilimwambia kila niliyemgongea mlango: sikutaka kijana yeyote akose kazi, nataka nilale. Nyumba 23 zilitia sahihi, mbili kati yake za watu wanaofanya kazi palepale ukumbini.

Barua tuliandika nakala nne: ya chifu, ya idara ya mazingira ya kaunti, ya NEMA, na ya mwenye ukumbi. Kaunti ina wajibu wake hapa, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti udhibiti wa kelele, na leseni za vileo vilevile. Tukataja kifungu cha 42, haki ya mazingira safi na yenye afya. Ami aliongeza cha 70, kinachomruhusu mtu kwenda mahakamani kuhusu haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kuwa kuna aliyepata hasara au kuumia. Sikukusudia kwenda mahakamani, lakini nilitaka wasomaji wajue kuwa ninaijua njia. Tukabandika kurasa kumi na mbili za daftari. Kila ofisi niliyoingia nilikaa mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Ukiwa unafuatilia jambo kama hili, usitoke ofisini bila muhuri. Nilipoteza miezi minne kwa kutolijua hilo.

Maafisa walikuja kupima, na walikuja Julai. Kusi. Hata hivyo kipimo chao kilivuka 35, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko kwenye daftari langu. Niliwaonyesha safu ya upepo, kurasa za Januari na Februari. Mmoja wao alikaa kwenye kigoda changu akasoma ukurasa baada ya ukurasa, hakusema neno, kisha akaomba azipige picha.

Kikao kilifanyika barazani kwa mzee wa mtaa, Jumatano alasiri. Meneja alikuja na fundi wake wa muziki. Nilijiandaa kwa ugomvi, wala haukuwepo. Meneja alisema, “Mama, mimi nalala Bamburi. Sikujua sauti inafikaje huku.” Nikamwamini. Basi tukaongea mambo ya kifundi. Kanuni zenyewe zinataka iangaliwe kama kelele inaweza kupunguzwa bila gharama wala taabu kubwa, na tulipofika hapo fundi ndiye aliyezungumza zaidi. Alisema maspika ya besi yamewekwa juu ya jukwaa la mbao lenye uwazi chini, ndiyo maana mtetemo unasambaa. Yashushwe, yawekwe juu ya mpira, yageuzwe yatazame barabara badala ya nyumba. Ikifika saa nne usiku muziki uingie ndani, milango ifungwe. Besi ipunguzwe kwenye mashine na funguo ya ile mashine akae nayo meneja, kwa sababu kila DJ mgeni huja na mkono wake.

Saa nne si saa mbili. Nalijua hilo, na kuna jirani aliyenilaumu kwamba nimeachia haki iliyoandikwa. Mimi niliona saa sita za usingizi zikirudi karibu zote, na watoto wa mtaa wakibaki na kazi, nikakubali. Tuliandika makubaliano, pande zote zikatia sahihi, nakala ikaenda kwa chifu na kaunti. Namba ya simu ya meneja nikaiandika kwenye jalada la daftari.

Tangu hapo nimempigia mara tano. Mara nne sauti ilishuka kabla sijakata simu. Mara ya tano ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, hakupokea, na sikurudia.

Kaskazi imeanza tena. Juzi Ijumaa niliandika: kuanza saa mbili na nusu, nje kunyamaza saa nne na dakika kumi, dirishani 41, upepo wa kaskazi, mkali. Bado ni juu ya 35. Nikalala, nikaamshwa na saa yangu mwenyewe, saa tisa, unga ukiwa umeumuka vizuri.