Komwe, vijiti na kauri: nilivyowaelezea Wamaya na Waazteki kwa Kihispania

Darasani kwetu ukitaja tu Waazteki, wa mwanzo kunyanyua mkono atakuuliza habari za kuchinja watu, na wa pili atakuuliza ile dunia ilokuwa imalizike 2012. Basi, hayo ndo wanayoyajua. Kwahiyo profe, mwalimu wetu wa Kihispania, aliponipa mada ya Wamaya na Waazteki, niieleze kwa Kihispania bila kushika karatasi, nikajiambia mie nikianza na damu tu nimekwisha, sitotoka hapo mpaka kengele.

Darasa lenyewe ni la jioni hapa Unguja na wengi wetu tunatembeza wageni, wengine wa mashamba ya viungo, wengine Mji Mkongwe, kuna na madada wa mapokezi wa mahoteli ya Nungwi. Kihispania kwa sie Waswahili kukisoma si tabu, a e i o u zao ndo hizi hizi zetu, unavyoiona ndo unavyoitamka. Tabu iko kwenye mambo yaliyopita, wana wakati mmoja wa jambo lililotokea likaisha na mwengine wa jambo lililokuwa likiendelea, sasa weka historia nzima ya watu humo. Walijenga, construyeron. Walikuwa wakiabudu, adoraban. Hapo ndo jasho liliponitoka, si kwenye majina ya miungu.

Jambo la mwanzo nilotaka lieleweke ni kwamba hawa si watu wamoja. Wamaya walikuwa kule Yucatán ya Mexico, Guatemala, Belize mpaka Honduras, na miji yao mikubwa kama Tikal na Palenque na Copán ilishamiri baina ya 250 na 900. Waazteki, ambao wenyewe walijiita Mexica, wamekuja nyuma sana, mji wao Tenochtitlan wanasema ulianza 1325 juu ya kisiwa ndani ya ziwa la Texcoco, na 1521 Mhispania Cortés kauangusha, tena si peke yake, alikuwa na maelfu ya watu wa Tlaxcala ambao Waazteki walishawachosha, na ndui nayo ilishatangulia ikaua watu mwaka mmoja kabla. Kwahiyo mji ule haukufika hata miaka 200. Sasa hivi juu yake ipo Mexico City. Na Wamaya, jamani, hawakupotea! Ufalme wao wa mwisho, Nojpetén, ulitekwa 1697, na mpaka leo wapo mamilioni na wanasema lugha zao. Hili la "walipotea" linaniudhi, kilichobaki magofu ni miji, watu wapo.

Ila kilichonikamata mimi ni kalenda. Mwaka wao wa jua, Wamaya na Waazteki wote, ulikuwa miezi 18 ya siku ishirini, inakuja 360, halafu siku tano zimebaki nje ya miezi na hizo walikuwa wakiziogopa, siku za nuksi. Niliposoma hapo nikasita, maana nishawahi kusikia kitu cha namna hii nyumbani. Nikampigia ami yangu Makunduchi, yeye ni mvuvi na Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, haumpiti. Akanambia, "Mwaka una miongo thalathini na sita mwanangu, kila mwongo siku kumi, na zilobaki tano ndo za mwaka wenyewe." Akaendelea na mambo ya pepo na kupanda na mwongo gani usitoke na ngalawa, nusu saa bando langu linakwenda, na akasema zamani siku hiyo majiko yote yakizimwa moto ukapekechwa mpya. Wallahi nywele zilinisimama. Maana Waazteki nao kila miaka 52, ile kalenda ya siku 365 inapokutana na kalenda yao nyengine ya ibada ya siku 260, walikuwa wakizima moto nchi nzima halafu wanawasha mpya, mara ya mwisho ilikuwa 1507.

Siku yenyewe sikwenda na slaidi nyingi. Nilichukua komwe za bao, vijiti vya mishikaki na kauri moja, kwasababu Wamaya waliandika hesabu zote kwa alama tatu tu: nukta ni moja, mstari ni tano, na kombe ni sifuri. Na wanapanda kwa ishirini, si kwa kumi kama sisi. Nikapanga mezani, juu vijiti vitatu na komwe tatu, hiyo 18, na kwavile iko ngazi ya juu kila moja inasimama badala ya ishirini. Chini nikaweka kijiti kimoja. Trescientos sesenta y cinco, 365. Halafu nikakitoa kile kijiti cha chini nikaweka kauri pahala pake, trescientos sesenta, 360, mwaka bila zile siku tano. Watu wakasogea mezani wenyewe.

Masuala ya damu yalikuja vilevile, na sikuyaficha, walichinja, na 2015 pale karibu na hekalu lao kuu wamefukua safu za mafuvu. Na 2012 nikawaambia kalenda yao ni kama mita ya daladala inayofika mwisho wa namba ikaanza tena, gari haifi.

Akatokea mmoja akasema basi hawa lazima walikutana na wazee wetu, majahazi yalifika kule. Nikamwambia hapana yakhe. Nairuzi yetu, ndo huo Mwaka Kogwa, wanaihusisha na Waajemi, na jua ni hilo hilo kwa kila mtu. Ukihesabu kwa kumi au kwa ishirini ukafika 360 utabakiwa na tano tu, utake usitake. Tena wao na wazee wetu wote hawakuongeza siku ya mwaka mrefu, kwahiyo mwaka unarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Ndo maana Mwaka zamani ulikuwa ukiangukia Agosti na sasa tunauoga Julai.

Hapo ndo darasa likanitoka mkononi. Kijana wa Makunduchi akasema kwao haihesabiwi hivyo, Mpemba mmoja akamjibu kwao wavuvi wana hesabu yao, wakaanza kubishana Kiswahili kitupu na profe anapiga meza "¡en español, en español!" na hakuna anaemsikiliza. Ikabidi aandike ubaoni 18×20+5 na chini yake 36×10+5, akawapa wale wawili kazi ya wiki ijayo: waje waeleze Mwaka Kogwa, kwa wakati uliopita, kwa Kihispania.