Leseni zimeisha na ofisi iko tupu

Saa kumi na mbili jioni, watu wameshakwenda nyumbani, na seva ya leseni bado inasema 20 kati ya 20 zimechukuliwa. Kabla ya kuomba bajeti ya leseni nyingine, ingia kwenye seva ambayo watumiaji huunganishwa nayo kwa mbali, uandike `quser`, amri inayoorodhesha watumiaji walio kwenye seva. Walioandikwa Active wameunganishwa. Walioandikwa Disc wamefunga dirisha kwa alama ya X wakadhani wametoka. Programu zao bado ziko wazi kule kwenye seva, na leseni walizochukua asubuhi bado ziko mikononi mwao. Kama leseni zinagawiwa na FlexNet, programu ya kusimamia leseni, linganisha majina hayo na ya `lmutil lmstat -a -c 27000@seva`, amri inayoonyesha nani ameshika leseni.

Dawa ya kwanza, basi, haiko kwenye leseni kabisa. Iko kwenye Group Policy, yaani mipangilio ya Windows inayowekwa na msimamizi, sehemu ya Session Time Limits ya Remote Desktop Session Host. Sesheni zilizokatika zipe dakika 30. Hapa wengi hukosea hesabu: ukomo wa sesheni iliyo wazi lakini haiguswi, kwa kawaida, huikata tu, hauifungi. Ukiweka dakika 60 kwa ukimya na 30 kwa kukatika, leseni inarudi baada ya dakika 90. Watangazie watumiaji mapema, maana sesheni ikifungwa, kazi ambayo haikuhifadhiwa imepotea.

Baada ya hapo ndipo uguse faili la chaguo la FlexNet, lenye mwisho wa `.opt`. Mstari `TIMEOUTALL 1800` hurudisha leseni baada ya dakika 30 za ukimya, lakini tu kama mtengenezaji wa programu ameruhusu jambo hilo; asipoliruhusu, mstari haufanyi kitu. `RESERVE` itumie kwa uchoyo: leseni 3 ulizowatengea wahandisi zitakaa bure hata siku ambayo hakuna mhandisi aliyeingia. `MAX`, inayoweka kikomo cha leseni, kwa kundi linalozidisha matumizi huwa na busara zaidi.

Usiwagawe watumiaji kwa `HOST`, yaani kwa jina la mashine. Kwenye seva ya pamoja wote wanaonekana wanatoka mashine moja, kwa hiyo ukimkataza mmoja umewakataza wote. Tumia `USER` au `GROUP`, na uweke `GROUPCASEINSENSITIVE ON`, kwa sababu Windows haijali Asha na asha lakini majina ndani ya makundi ya FlexNet yanajali. Ukimaliza, endesha `lmreread` ili FlexNet isome faili upya.

Na `lmremove`? Inanyang'anya leseni, ila programu ikiwa bado hai inaweza kuiomba tena. Ni afadhali `logoff` na namba ya sesheni uliyoiona kwenye `quser`.

Leseni za RDS (Remote Desktop Services) za Microsoft, yaani CAL, zinazoruhusu watu kuunganishwa na seva kwa mbali, ni hesabu nyingine. Seva hukuvumilia siku 120 bila seva ya leseni, kisha watumiaji wa kawaida hukataliwa. Za Per User, yaani kwa kila mtumiaji, hazihesabiwi kwa walioingia kwa wakati mmoja: wafanyakazi 50 wanaopokezana viti 20 wanahitaji CAL 50. Mfumo hautawazuia ukinunua 20, na ukimya huo ndio unaowaponza wengi siku ya ukaguzi.